Rangi Haikaushi Ukuta

Miji mikubwa imechoshwa na nyumba za wageni wa siku mbili tatu. Tangu Septemba 2023, New York inamtaka kila anayepangisha kwa muda usiofika siku 30 ajisajili kwanza, awepo mwenyewe ndani ya nyumba mgeni anapokaa, na asipokee wageni zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Barcelona nayo ilitangaza Juni 2024 kwamba leseni za nyumba za watalii, ambazo ni zaidi ya 10,000, hazitahuishwa muda wake utakapokwisha Novemba 2028. Habari za aina hii husomwa kwa namna moja tu: nyumba zinarudi mikononi mwa wapangaji wa kawaida, kwa hiyo kilichobaki ni kuhesabu ngapi zimerudi. Nadhani hesabu hiyo inatupotezea muda. Swali lenye uzito ni zinarudi katika hali gani. Zaidi ya muongo mmoja wa kupangisha kwa picha za mtandaoni umewafundisha wenye nyumba, hata wale ambao hawajawahi kumpokea mtalii, kwamba kuiandaa nyumba maana yake ni kuipendezesha.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba ya chumba kimoja au viwili huandaliwa kwa kuiondolea kero, na kero hizo karibu zote zinakaa mahali ambapo kamera haifiki: unyevu, hewa, kelele, nyaya, mabomba, na kukosa mahali pa kuweka vitu. Mwenye nyumba anayeanza na rangi na taa za urembo ameanzia mwisho wa kazi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Siku hizi mlango ndio unaokarabatiwa kwanza, tena mara nyingi ni huo tu.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba mgeni na mpangaji wamechukuliwa kuwa mtu mmoja. Mgeni wa siku tatu huingia na begi. Hafui, hapiki chakula cha kuchemka kwa saa mbili, hana ndoo, ngazi, pasi wala baiskeli ya mtoto. Bomba likidondosha matone usiku, atalilalamikia kwenye maoni yake kisha ataondoka. Mpangaji huingia na maisha yake yote, na matone hayo atayasikiliza kwa mwaka mzima. Kwa mgeni, rafu mbili zilizo wazi zenye chungu kimoja cha maua ni mapambo ya kuvutia. Kwa mpangaji ni rafu mbili zisizo na milango, zitakazojaa vumbi na mafuta ya jikoni, huku sufuria zake zikiwa chini ya kitanda.

Hata mifano tunayoishangilia ina siri hii. Mwaka 1952 msanifu Le Corbusier alikamilisha kibanda chake cha mapumziko huko Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa: chumba kimoja chenye pande za mita 3.66 kwa 3.66, yaani mita za mraba 13 na kidogo. Mpaka leo kinatolewa kama ushahidi kwamba eneo hilo linamtosha binadamu akipangiwa vizuri. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba kibanda hicho hakina jiko. Mgahawa ulikuwa ukuta kwa ukuta, na huko ndiko alikokuwa akila. Kilimtosha kwa sababu sehemu ya maisha yake ilikuwa inafanyika kwenye jengo la jirani. Nyumba nyingi za wageni zinatosha kwa sababu hiyo hiyo. Ukimwingiza humo mtu asiye na mgahawa wa ukuta kwa ukuta, uzuri wote unageuka usumbufu kabla mwezi haujaisha.

Mfano ulio karibu na maisha ya mpangaji ni wa msanifu Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 alibuni jiko la nyumba za umma za mji wa Frankfurt, Ujerumani, lenye takriban mita 1.9 kwa 3.4, na majiko kama 10,000 ya aina hiyo yakajengwa. Ukiyatazama leo huoni pambo. Unaona kaunta iliyowekwa chini ya dirisha ili anayekatakata apate mwanga, kiti kinachozunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, taa inayosogezwa kwenye reli darini, na droo ndogo za alumini zenye mdomo wa kumiminia unga na nafaka. Mbunifu alianza kwa kuhesabu hatua za mtu anayefanya kazi jikoni, ndipo akachora. Jiko hilo lilikosolewa baadaye, na kwa haki, kwa kuwa lilimtosha mtu mmoja tu na likamtenga mwanamke na wengine wa nyumbani. Lakini hata ukosoaji huo unahusu namna watu wanavyoishi humo ndani. Hakuna aliyebishania rangi ya kuta.

Sababu ya kero kuuma zaidi kwenye nyumba finyu inaeleweka kwa hesabu rahisi. Watu wanne wanaopumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani wanaweza kutoa lita 10 za mvuke kwa siku. Mvuke huo ukitawanyika kwenye nyumba ya mita za mraba 150 unapotea bila kuonekana. Kwenye nyumba ya mita 30, mzigo ni ule ule na hewa ya kuubeba ni moja ya tano. Hewa inayogusa ukuta ikikaa na unyevunyevu wa zaidi ya asilimia 80 kwa muda mrefu, ukungu huota, na hauchagui kama ukuta ulipakwa rangi mwezi jana. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi: katika nyumba ndogo kila kitu kimesukumwa ukutani. Kabati limebana ukuta, kitanda kimebana ukuta, sofa limebana ukuta, na nyuma yake hewa haizunguki kabisa. Ndiyo maana ukungu huanzia nyuma ya kabati, na mwenye nyumba huuona siku mpangaji anapohama. Kuacha sentimita chache kati ya samani na ukuta hakugharimu chochote, ila kunahitaji mtu aliyepima chumba kabla ya kutengeneza kabati.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 uliohusisha unyevu na ukungu wa majumbani na matatizo ya kupumua, pumu ikiwemo. Kwa hiyo hapa tumeshavuka habari za starehe. Mwezi Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki huko Rochdale, Uingereza, na uchunguzi wa kisheria uliokamilika Novemba 2022 ulieleza kwamba alikufa kwa maradhi ya mfumo wa upumuaji yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba waliyopanga wazazi wake, nyumba isiyokuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa. Baba yake alikuwa ameripoti ukungu huo tangu 2017. Jibu alilopewa lilikuwa apake rangi juu yake. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo imeanza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za kijamii za England, yaani zile za halmashauri na mashirika ya makazi: mwenye nyumba akiarifiwa kuhusu unyevu au ukungu wenye hatari kubwa ana siku 10 za kazi kuuchunguza, na hatari ya dharura inatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa 24. Nimelitaja tukio hili kwa sababu ya lile jibu. Paka rangi. Ni ushauri ule ule unaotolewa kila siku, kwa nia njema kabisa, kwa mtu anayetaka kuitayarisha nyumba yake haraka kabla ya mpangaji kuja kukagua.

Fundi rangi mwaminifu atakwambia kinachofuata. Rangi ya mafuta ikipakwa kwenye ukuta wenye maji, maji hayana pa kutokea. Rangi hutoa malengelenge, plasta nyuma yake hulainika, na baada ya miezi michache unalipia kukwangua, kupiga plasta upya na kupaka tena. Utaratibu unaofaa huenda kutoka juu kwenda chini na kutoka ndani ya ukuta kuja nje yake: paa na mifereji yake kwanza, kisha mabomba na nyaya, kisha plasta, sakafu, na rangi mwishoni. Bafuni, kabla ya kubandika vigae, sakafu iliyopakwa dawa ya kuzuia maji hujazwa maji na kuachwa kwa saa 24 ili kuona kama yanashuka. Saa hizo 24 ndizo za kwanza kufutwa bajeti inapobana au dalali anapopiga simu kusema ana mteja. Mteremko kuelekea tundu la maji uwe sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Ukikosekana, maji yatasimama kwenye kona, na hakuna kigae cha bei mbaya kitakachoyaondoa.

Yako mengine yasiyogharimu karibu chochote, nayo ndiyo yanayonishangaza zaidi kwa jinsi yanavyosahauliwa. Chini ya kila sinki bomba limepinda, na katika lile pindo hukaa maji, kwa kawaida kimo cha milimita 50 hivi, yanayozuia harufu ya mfereji isipande. Nyumba ikikaa tupu kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka. Mwenye nyumba amepaka rangi, ameweka pazia jipya, amefungia madirisha vumbi lisiingie, kisha anamfungulia mpangaji mtarajiwa mlango na harufu ya choo inawapokea wote wawili. Anaanza kuomba radhi na kulaumu majirani. Ndoo moja ya maji iliyogawanywa kwenye sinki zote na tundu la bafuni asubuhi ile ingemaliza kesi.

Mlango ni mfano mwingine. Bawa la sentimita 80 likifunguka kuingia chumbani linafagia karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, na hapo huwezi kuweka kitu. Katika chumba cha mita za mraba tisa, hiyo ni zaidi ya asilimia tano ya chumba, na mpangaji anailipia kodi kila mwezi. Kugeuza mlango wa bafu ufungukie nje ni kazi ya nusu siku kwa fundi seremala. Mlango wa kuteleza unaokoa nafasi zaidi, ila haubani. Sauti na harufu hupita pembeni, kwa hiyo mimi nisingeuweka chooni. Mwingine ataona tofauti, na ana haki, mradi ameyawazia yote mawili badala ya kuiga picha.

Halafu kuna soketi. Chumba chenye soketi moja huzaa nyaya za kuungia zinazopita chini ya zulia na kuingia zenyewe kwa zenyewe, na huo ni mwaliko wa moto. Kuongeza soketi nne ukutani kabla ya plasta ni rahisi. Baada ya rangi ni vita. Kifaa kinachokata umeme pale unapovuja kiasi cha miliampea 30 humlinda mtu asiuawe na shoti, na katika nyumba ambayo jiko, bafu na kitanda vimekaribiana hatua tatu, sioni hoja ya kukiacha. Hita ya gesi ndani ya bafu lisilo na dirisha haina mjadala kabisa: gesi ya kaboni monoksaidi inayoweza kutoka humo haina harufu, na huua mtu akiwa anadhani ni uchovu tu.

Nije sasa kwa upande wa pili, maana una hoja. Ya kwanza na nzito ni kwamba picha ndiyo inayoleta mtu mlangoni. Mtafuta nyumba anapitisha kidole kwenye simu, anaona matangazo mengi kwa dakika chache, na nyumba yenye ukuta mchafu na taa hafifu hairudii kuiangalia. Ni kweli. Kuta nyeupe au za rangi nyepesi na taa za mwanga wa joto, zile za Kelvin 2,700 hadi 3,000, hubadilisha kijumba kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote, na asiyefanya hivyo anajinyima bure. Sikatai picha. Ninachokataa ni dhana kwamba picha ndiyo inayofunga makubaliano. Namfahamu mama mmoja aliyehama nyumba nyingi maishani mwake. Akifika kukagua, dalali akiwa bado anasifia sebule, yeye ameshafika bafuni. Anafungua bomba la sinki na la kuogea kwa pamoja, anavuta maji ya choo, kisha anatulia anasikiliza. Presha ikishuka anajua. Halafu anafungua kabati la chini ya sinki na kupapasa nyuma ya bomba kwa vidole. Sebule huitazama wakati wa kutoka, kwa heshima tu. Wapangaji wa aina hiyo, wanaojua wanachotafuta, ndio wanaolipa kwa wakati na kukaa miaka.

Kukaa miaka ndiko kunakobadilisha hesabu, na hapa ndipo ninapoona wenye nyumba wengi wakijipunja wenyewe. Tuchukue ukarabati wa urembo uliogharimu kodi ya miezi sita, ukamwezesha mwenye nyumba kupandisha kodi kwa asilimia 10. Kwa mwaka anapata nyongeza sawa na kodi ya mwezi mmoja na kidogo, 1.2 kwa usahihi, kwa hiyo fedha yake itarudi baada ya miaka mitano, wakati rangi ile imeshachoka na mtindo ule umeshapitwa. Na hiyo ni ikiwa nyumba haikai tupu. Kodi mpya ikifanya nyumba ikae mwezi mmoja bila mtu kila mwaka, anakusanya miezi 11 kwa kodi ya 1.1, jumla 12.1. Kabla ya ukarabati wote alikuwa akikusanya 12. Amefanya kazi ya miezi kadhaa na kutumia kodi ya nusu mwaka ili apate sehemu moja ya kumi ya kodi ya mwezi mmoja. Upande mwingine, kuziba paa, kubadilisha koki na kufungua dirisha lililozibwa kunaweza kumgharimu kodi ya mwezi mmoja. Kama kunamfanya mpangaji asihame mwaka huo, fedha imerudi yote, na dalali hajalipwa chochote.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mpangaji ataharibu tu, kwa hiyo weka vya bei ya chini, akivunja utabadilisha. Inasikika kama busara ya mtu aliyeumwa na nyoka. Lakini itazame kwa karibu. Vitu vinavyovunjika katika nyumba ya kupanga ni vile vinavyoguswa: kitasa, bawaba, koki, swichi, reli ya droo, kiti cha choo. Nyumba kubwa ina mabafu mawili au matatu yanayogawana kazi. Kijumba kina mlango mmoja wa bafu, na ukifunguliwa mara 20 kwa siku, kwa mwaka ni mara 7,300. Bawaba ya bei ya chini inaweza kulegea hata akikaa humo mtu mpole kuliko wote duniani. Ikilegea, mlango unashuka, unaanza kukwaruza sakafu, mpangaji anausukuma kwa bega, na mwenye nyumba anaandika kwamba mpangaji ni mharibifu. Kisha anamkata amana. Kilichotokea ni kwamba alinunua kitu kisichofaa kazi, akampelekea mwingine bili. Mantiki ya haki ni kinyume chake: weka bei ya chini kwenye vile visivyoguswa, kama dari na rangi ya juu ya ukuta, na fedha uipeleke kwenye vile mkono unavyovifikia kila siku.

Yapo matumizi mabaya ya kweli, sikatai. Kuna anayegonga misumari kama anajenga jahazi. Ila hata huyo mara nyingi anatafuta mahali pa kutundika nguo. Nguo kwenye hanga zinahitaji kabati lenye kina cha karibu sentimita 60. Kabati la urembo la sentimita 35 halizipokei, basi ukuta unazipokea. Ukitaka misumari ipungue, tengeneza kabati la kina kinachostahili mahali pamoja, hadi darini, na ubao wa kulabu nyuma ya mlango.

Hoja ya tatu inatoka kwa watetezi wa wapangaji, na hii inanipa taabu zaidi. Wanasema ukarabati wowote ni kisingizio cha kupandisha kodi, na anayeumia ni yule yule tunayedai kumsaidia. Afadhali nyumba mbovu anayoimudu kuliko nzuri anayofukuzwa. Kwa uzoefu wa miji mingi, hofu hii ina msingi. Jibu langu ni kwamba watu wanachanganya kazi mbili zisizofanana, na Ujerumani imejaribu kuzitenganisha kisheria. Huko, gharama ya matengenezo, yaani kurudisha kilichoharibika katika hali yake, ni mzigo wa mwenye nyumba na haiongezwi kwenye kodi. Gharama ya uboreshaji, yaani kuongeza kitu ambacho hakikuwepo, inaweza kuongezwa kwa kiwango cha asilimia 8 ya gharama hiyo kwa mwaka. Kabla ya 2019 kilikuwa asilimia 11, na sasa kuna kikomo cha nyongeza kwa kila mita ya mraba. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa kuhusu wapi matengenezo yanaishia na uboreshaji unaanzia. Lakini mstari upo. Mahali ambapo haupo, paa lililozibwa na taa za urembo huingizwa kwenye kapu moja linaloitwa ukarabati, mpangaji analipia vyote, na mwenye nyumba anakuwa na kila sababu ya kuchagua kile kinachong'aa. Anayetetea nyumba mbovu kwa sababu ni nafuu anamwachia mwenye nyumba mamlaka ya kuamua kwamba unyevu ndio bei ya unafuu. Haupaswi kuwa.

Kuna namna moja ya kuandaa kijumba ambayo haina uhusiano na urembo wala kero, bali na tamaa: kugawa. Ukuta wa jipsamu unapita katikati, chumba kimoja kinakuwa viwili, kodi inakuwa mbili. Historia yake ni ndefu na chungu. Mwaka 1879 New York ilitaka kila chumba cha nyumba za wapangaji kiwe na dirisha. Wajenzi wakatii kwa herufi: wakaacha kijia chembamba cha hewa kati ya majengo, madirisha yakatazamana humo, na kijia kikageuka jalala na bomba la kupandishia moto kutoka ghorofa hadi ghorofa. Ilibidi sheria nyingine mwaka 1901 idai nyua pana na choo katika kila nyumba. England, tangu Oktoba 2018, chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja katika nyumba ya kushirikiana yenye leseni hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Namba hiyo ni ndogo. Ni kitanda, kabati na nafasi ya kugeuka. Bado ilihitajika kuandikwa. Fundi anayejenga ukuta wa kugawa anapaswa kuulizwa maswali mawili kabla ya kununua mbao: hewa ya chumba cha pili itaingilia wapi, na mtu wa chumba hicho atatokea wapi moto ukiwaka mlangoni. Kama jibu ni dirisha la choo, hapo hakuna chumba.

Tukilitazama suala hivi, yako mambo yanayofuata. Halmashauri zinazofurahia nyumba zilizotoka mikononi mwa watalii zinapaswa kuzikagua kabla ya kuzihesabu, maana huenda baadhi zina jiko la plati mbili, hazina pa kuanika nguo, na dirisha lake la bafu lilizibwa ili kioo kikubwa kikae. Tangazo la nyumba lingefaa kutaja idadi ya soketi, upande madirisha yanakotazama na kina cha kabati, mambo yanayopimika, badala ya maneno kama ya kisasa na ya kuvutia ambayo hayajawahi kumkaushia mtu ukuta. Mkataba nao uandike kwa orodha ni nini kilifanyiwa kazi kabla ya mpangaji kuingia na kwa tarehe gani, ili ubishi wa amana uwe na pa kuanzia.

Na mwenye nyumba asiyejua aanzie wapi ana mtaalamu ambaye hamlipi: mpangaji anayehama. Huyo anajua koki ipi inalia usiku, ukuta upi unatoa jasho, soketi ipi inapata moto, na ni saa ngapi pampu ya jirani inaanza kunguruma. Aulizwe wiki mbili kabla ya kurudisha funguo, mambo ya amana yakiwa tayari yamemalizwa. Akiulizwa wakati anabishania amana yake hatasema chochote, na mwenye nyumba atabaki kuuliza dukani rangi ipi inauzika mwaka huu.